Kambare wa Deraya: Mnunuzi Amjue Kabla ya Kumnunua

Wapo watu wengi duniani ambao hufuga samaki ndani ya tangi la kioo sebuleni, si kwa kitoweo bali kwa kuburudisha macho. Sisi hatuna ugomvi na burudani hiyo. Mtu aliyechoka na kazi, akaketi jioni kutazama samaki wakielea, hamkosei yeyote, na huenda amepata pumziko bora kuliko wenzake wengi. Lakini iko jamii moja ya samaki ambayo imekuwa ikinunuliwa kwa wingi pasipo kufahamika, na kutokufahamika huko kumeleta madhara ya namna mbili: kwa samaki wenyewe, na kwa mito ya nchi ambazo hazikuwaomba. Tunasema juu ya kambare wa deraya wa Amerika ya Kusini, ambao wauzaji na wafugaji huwaita kwa kifupi pleko.

Msomaji aliyezoea kambare wa mabwawa na mito yetu, mwenye ngozi tupu ya utelezi na sharubu ndefu, hatamtambua ndugu huyu kwa mtazamo wa kwanza. Mwili wake, kuanzia kichwani hata mkiani, umefunikwa kwa mabamba ya mfupa yaliyopangwa safu kwa safu mithili ya vigae vya paa. Si magamba kama ya sato au changu. Ni mfupa hasa, uliomea katika ngozi, na juu yake mna vijimeno vidogo vidogo vinavyomfanya akwaruze kama msasa. Mdomo wake uko chini ya kichwa, nao umeumbwa kama kikombe cha kunyonyea, ambacho kwacho hujishika juu ya mawe na magogo katika maji yaendayo kasi. Wataalamu waliuita ukoo huu Loricariidae, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya deraya ya askari. Ni ukoo mkubwa kupita koo zote za kambare: spishi zilizokwisha kuelezwa zimezidi 1,000, na nyingine zaendelea kuongezwa. Makao yao ya asili ni mito ya Amerika ya Kusini, na wachache hufika Panama na Costa Rica. Hakuna hata mmoja aliye mwenyeji wa Afrika.

Yafaa tuwatenge mapema wale wasiohusika. Uko ukoo mwingine wa kambare wa deraya kutoka bara hilo hilo, ambao ndani yake mna vijisamaki viitwavyo Corydoras. Hao wana safu mbili tu za mabamba kila ubavu, wana sharubu fupi, nao hutembea katika makundi wakipekua mchanga, hawajigandishi kiooni. Yuko pia samaki wa Asia ya Kusini-Mashariki, Gyrinocheilus, ambaye hujishika kwa mdomo na huuzwa kama mla utando wa kijani. Huyo si kambare kabisa. Ukimtazama utaona magamba ya kawaida, na mwili mwembamba usio na deraya.

Jina pleko lenyewe lina historia ya mkanganyo. Linnaeus, bingwa wa Sweden aliyeanzisha utaratibu wa kuwapa viumbe majina mawili ya Kilatini, alimwandika mmoja wa samaki hawa mwaka 1758 kwa jina la Acipenser plecostomus. Acipenser ni jenasi ya samaki wa baridi wa kaskazini ambao mayai yao huliwa na matajiri, nao pia wana mabamba ya mfupa mwilini; hapana shaka ndiyo sababu bingwa huyo akawaweka pamoja. Baadaye samaki huyo alihamishiwa kwenye jenasi ya Hypostomus, na leo jina lake kamili ni Hypostomus plecostomus. Neno la pili lina maana ya mdomo wa kukunjika. Wafanya biashara wakalishika neno hilo, wakalikata, wakalibandika juu ya kila kambare mwenye mdomo wa kunyonya aliyepita mikononi mwao.

Basi ndipo matatizo yalipoanzia. Yule mtoto wa samaki mwenye urefu wa kidole, rangi ya udongo na madoa meusi, ambaye huuzwa kwa bei ndogo katika maduka ya samaki wa mapambo chini ya jina la plecostomus, kwa kawaida si plecostomus hata kidogo. Mara nyingi ni wa jenasi nyingine iitwayo Pterygoplichthys. Mnunuzi anaweza kuuliza: kuna tofauti gani, maadamu wote wananyonya kioo? Tofauti ipo, na mtu yeyote mwenye macho na subira ya dakika mbili anaweza kuiona.

Atazame pezi la mgongoni samaki anapolisimamisha. Mbele kabisa pana mwiba mgumu mmoja. Nyuma ya mwiba huo hufuata vijiti laini vinavyogawanyika kwenye ncha, ndivyo vinavyolitandaza pezi kama ufito unavyotandaza tanga. Avihesabu. Akipata 7, basi samaki wake yumkini ni wa jenasi ya Hypostomus. Akipata 9 au zaidi, aghalabu 10 hadi 13, huyo ni Pterygoplichthys, na pezi lake likisimama lote huwa pana na refu, kama tanga la jahazi lililopata upepo. Kazi hii huwa rahisi zaidi samaki akiwa amejibandika kwenye kioo cha mbele na taa ikiwa nyuma yake. Kwa samaki mchanga sana hesabu ni ileile, kwani vijiti haviongezeki kwa umri. Ndiyo maana tunaipenda alama hii kuliko rangi: rangi hubadilika kwa umri, kwa hofu na kwa maji, lakini hesabu ya vijiti haibadiliki.

Akiisha kujua jenasi, atazame tumbo. Samaki akijibandika kiooni tumbo lake huwa wazi kama ukurasa wa gazeti. Katika Pterygoplichthys pardalis madoa meusi ya tumboni aghalabu yametengana, kila doa peke yake. Katika Pterygoplichthys disjunctivus madoa hayo yameungana yakafanya mistari ya kujipindapinda, kama njia za mchwa katika ubao. Wako wengi walio katikati ya hao wawili, kwa kuwa spishi hizi huchanganya damu, na wataalamu wenyewe hushindwa kuwatenganisha. Mfugaji asikose usingizi kwa jambo hilo. Matunzo yao ni mamoja. Jamaa yao mwingine, Pterygoplichthys gibbiceps, hutambulikana kwa madoa makubwa ya kahawia kama ya chui, na kwa kichwa chenye kigongo kilichoinuka mbele ya pezi la mgongoni. Ni mzuri sana akiwa mdogo. Huweza kufikia sentimita 50.

Hapo ndipo penye kiini cha maneno yetu. Samaki aliyenunuliwa akiwa na urefu wa sentimita 5 ataendelea kukua mpaka afikie sentimita 40 au zaidi, naye anaweza kuishi miaka 10 na kupita. Mnunuzi hakuambiwa. Tangi lake ni la lita 60, limewekwa juu ya kabati. Wako wanaoamini kwamba samaki hukua kulingana na ukubwa wa tangi lake, kana kwamba ana busara ya kujipimia chumba. La hasha. Katika tangi dogo lenye maji machafu samaki hudumaa, na kudumaa ni maradhi. Hakuna anayemsifu mtoto mwenye utapiamlo kwa kuwa hahitaji shati kubwa.

Mwenye tangi la kadiri anaye samaki mwingine wa ukoo huu anayemfaa, tena mwema: Ancistrus. Hazidi sana sentimita 12 hadi 15. Dume lililokomaa haliwezi kukosewa, maana juu ya pua na paji la uso lake huota vinyama laini vyenye matawi, mithili ya kichaka cha ndevu kilichohama kidevuni. Jike huwa na vichache vifupi pembezoni mwa mdomo, au hana kabisa. Wachanga wa Ancistrus huchanganywa na wachanga wa Pterygoplichthys madukani, lakini hesabu ya pezi haidanganyi: Ancistrus ana vijiti 7, na kichwa chake ni kipana na bapa. Pia ana fungu la miiba midogo kila upande wa shavu, ambayo huifunua anapoghadhibika.

Pamoja na hayo, spishi ni nyingi mno kwa majina yaliyopo. Katika miaka ya 1980 samaki wapya kutoka Brazil walimiminika Ulaya kwa kasi iliyowashinda wataalamu wa kuwaandika. Mwaka 1988 jarida moja la wafugaji wa samaki la Ujerumani, DATZ, lilianzisha utaratibu wa kuwapa namba: herufi L, ya Loricariidae, ikifuatwa na tarakimu. Wa kwanza akawa L1, na kadhalika. Leo namba hizo zimepita 500. Ni utaratibu wa watu wa vitendo, nasi twausifu, ijapokuwa una kasoro zake. Pengine spishi moja imepewa namba mbili au tatu, kwa kuwa ililetwa kutoka mito tofauti au ikiwa na umri tofauti. Namba si jina la kisayansi. Ni kama namba ya faili: humwambia mtu mahali pa kutazama, na haimhakikishii kilichomo ndani.

Tukija kwenye matunzo, lazima kwanza tuvunje uongo mmoja ambao umewafaidi wauzaji kuliko wanunuzi. Pleko huuzwa kama mfagiaji. Mtu aliyechoshwa na ukoga wa kijani kiooni huambiwa amnunue, amtie majini, asahau kazi ya usafi. Ni kweli kwamba wengi wa samaki hawa hukwangua mwani, nao wana meno membamba yaliyopangwa kama kitana kwa kazi hiyo. Lakini hawali kinyesi cha samaki wengine; bali hutoa chao, tena kwa wingi unaostaajabisha, nyuzi ndefu za kahawia ambazo hutandaa chini ya tangi usiku kucha. Pterygoplichthys mkubwa huchafua maji kuliko kundi zima la samaki wadogo aliowekewa kuwahudumia. Mwenye kutaka tangi safi na anunue sponji.

Samaki huyu akitegemea ukoga wa kiooni peke yake atakufa njaa polepole, na kwa sababu ya deraya yake mwenyewe asitambue, maana mabamba hayakondi. Dalili ziko mahali pawili: macho yaliyozama, na tumbo lililobonyea kama bakuli. Mnunuzi aliyeko dukani na atazame tumbo hilo kabla ya kufungua mfuko wa fedha. Tumbo likiwa limejaa kidogo, ni heri. Likiwa limeingia ndani, amwache, hata kama amepunguziwa bei.

Chakula chake hakina gharama. Wale wa jamii ya Pterygoplichthys na Ancistrus hupenda mboga: tango lililokatwa vipande, boga changa, mchicha uliochovywa katika maji ya moto ukalainika. Kipande kifungiwe kijiwe kizame, kitiwe jioni taa zikizimwa, na mabaki yatolewe asubuhi kabla hayajaoza. Viko pia vidonge vya kuzama vilivyotengenezwa kwa ajili yao, navyo vyafaa kwa kubadilisha. Lakini ukoo wa spishi 1,000 hauli sahani moja. Hypancistrus, ambao tutawaeleza hivi punde, wana meno machache na hupendelea nyama: uduvi, viluwiluwi vya mbu na mfano wa hivyo, kuwalisha matango ni kuwafungisha. Panaque nao ni wala miti. Meno yao ni kama vijiko, nao huchonga magogo hata vumbi la mbao likatanda tangini. Watu walidhani humeng'enya mti kama mchwa afanyavyo. Uchunguzi ulionyesha kwamba sivyo, na kwamba riziki yao hasa hutoka katika vijidudu na mabaki yaliyomo ndani ya mbao inayooza. Gogo lakini lazima liwepo tangini mwao. Kwa wengine wote gogo ni kivuli na maficho, na samaki wa usiku asiye na maficho mchana huishi katika hofu.

Kuhusu maji, mambo ni machache lakini hayana njia ya mkato. Kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu kwa matamvua ya samaki. Katika chujio hukaa bakteria ambao huigeuza amonia kuwa nitriti, iliyo sumu vilevile, na bakteria wengine huigeuza nitriti kuwa nitreti, ambayo huvumilika kwa kiasi. Bakteria hao huhitaji wiki kadhaa kuongezeka. Kumtia samaki katika tangi lililojazwa maji leo asubuhi ni sawa na kumpangisha mtu katika nyumba isiyo na choo. Nitreti nayo haiondoki yenyewe: kila wiki robo ya maji au zaidi yatolewe, yawekwe mapya. Maji ya bomba yaliyotiwa klorini yatayarishwe kwanza kwa dawa ya kuiondoa, la sivyo klorini itawaua wale bakteria na kuunguza matamvua. Joto la nyuzi 24 hadi 28 za Selsiasi huwafaa wengi. Ancistrus mmoja au wawili watatosheka na tangi la lita 100 hivi. Pterygoplichthys aliyekua hahitaji chini ya sentimita 180 za urefu na 60 za upana, yaani lita 600 na kuendelea, na chujio lenye nguvu. Asiye na nafasi hiyo asianze.

Mara nyingine mfugaji mgeni hushtuka kumwona pleko akipanda ghafla, akanyaka hewa juu ya maji, akashuka. Wengi wa samaki hawa huweza kuvuta hewa na kuipitisha tumboni, ambako oksijeni hufyonzwa kupitia ukuta wa tumbo wenye mishipa mingi ya damu. Kambare wetu wa matope naye huvuta hewa, ingawa kwa kiungo kingine kilicho juu ya matamvua. Safari moja moja si neno. Lakini samaki akipanda kila dakika, maji yake yameishiwa oksijeni au yamechafuka, na yafaa yapimwe siku ile ile.

Neno moja la kumshika. Kamwe asivuliwe kwa wavu mwembamba. Miiba ya mapezi yake husimama ikajifunga, vijimeno vya mashavu hunasa katika nyuzi, na katika kumnasua watu wengi wamemvunja mapezi na kujitoboa vidole. Asukumwe taratibu aingie katika chombo cha plastiki, atolewe pamoja na maji yake.

Sasa tumfikie yule ambaye amewatia wazimu wafugaji wa mabara yote. Hypancistrus zebra, L46 katika hesabu ya Wajerumani, alielezwa kisayansi mwaka 1991 na Isbrücker na Nijssen, wataalamu wa Uholanzi. Ni mdogo, sentimita 8 tu, mweupe mwenye milia myeusi mikali kama punda milia. Mistari yake huandama mwili kwa urefu wake, kutoka kichwani kwenda mkiani, na puani hukutana kwa namna ambayo, ukimtazama usoni, huona kama herufi E. Wako ndugu zake, kama L98 na L333, wenye michoro ya mawimbi na ya kukatikakatika, ambao huuzwa na wasio waaminifu kwa jina lake. Herufi hiyo na mistari safi ya ubavuni ndiyo alama ya kumtambua.

Samaki huyu hapatikani mahali pengine popote isipokuwa katika mto Xingu, katika jimbo la Pará nchini Brazil. Chini ya mji wa Altamira mto huo hujipinda kwa kishindo kikubwa, mahali paitwapo Volta Grande, ukipita kati ya miamba na maporomoko. Zebra huishi ndani ya nyufa za miamba hiyo, chini ya maji maangavu ya moto yanayofikia nyuzi 30. Na hapo hapo ndipo serikali ya Brazil ilipoamua kujenga bwawa la Belo Monte, moja ya mabwawa makubwa ya umeme duniani, lenye uwezo wa megawati 11,233. Mashine za kwanza zilianza kazi mwaka 2016, na zote zilikamilika mwaka 2019. Sehemu kubwa ya maji ya mto hugeuzwa na kupitishwa katika mfereji kwenda kwenye mitambo, na Volta Grande ikabaki na masalio. Wavuvi na watu wa asili wa kando ya mto huo wamelia kwamba maji hayapandi tena kwa majira yake. Umeme ni kitu chema. Sisi tulio katika nchi zinazouhitaji hatuwezi kuudharau. Lakini kiumbe mwenye makao mamoja hana pa kuhamia makao hayo yakikaushwa.

Kabla ya bwawa kulikuwa na biashara. Wapiga mbizi wa Altamira waliwatoa zebra miambani kwa mkono, wakiteremka na mpira wa hewa mdomoni. Brazil ilipiga marufuku kuwauza nje mwaka 2004. Mahitaji hayakufa, yalihamia gizani. Samaki walisafirishwa kupitia mpaka wa Colombia, wakiwa ndani ya mifuko ya plastiki katika masanduku ya nguo, na wengi walikufa njiani. Mwaka 2017 Brazil ilimwandikisha katika Kiambatisho cha III cha mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, CITES, na katika mkutano wa mkataba huo uliofanyika Panama mwaka 2022 akapandishwa hadi Kiambatisho cha II, kwa sharti kwamba wale wa mtoni wasiuzwe nje kibiashara hata mmoja.

Je, mfugaji basi asimguse kabisa? Sisi hatusemi hivyo. Zebra huzaliana tangini mwa mtu mwenye uvumilivu. Hutaka pango jembamba la udongo au mawe, lenye upana wa kumtosha dume tu na jike mmoja. Hutaka maji ya moto, yenye mwendo na oksijeni nyingi. Jike hutaga mayai machache, makubwa kwa kadiri ya mwili wake, kisha dume hubaki pangoni akiyapepea kwa mapezi na kuyalinda hata watoto watakapomaliza kiini cha yai. Katika Ujerumani, Indonesia na kwingineko wako wanaowazalisha kwa miaka mingi. Samaki wa namna hiyo, mwenye hati inayoonyesha alikozaliwa, hamnyang'anyi mtu wala mto. Asiye na hati, na anayeuzwa kwa bei ya kunong'onezana, yafaa aachwe kwa muuzaji wake.

Hatima ya Pterygoplichthys imekuwa kinyume cha hiyo. Zebra anatoweka kwao. Huyu ameenea kwa watu. Samaki aliyelizidi tangi hubebwa ndoo usiku, akamwagwa mtoni na mtu mwenye huruma asiyekuwa na maarifa. Wengine walitoroka mashamba ya kuzalishia samaki wa mapambo. Leo wamejaa katika mito ya Florida na Texas, Mexico, Ufilipino, India na Bangladesh, na katika Afrika wamekwisha kujenga makao KwaZulu-Natal, Afrika ya Kusini. Madume huchimba mashimo marefu katika kingo za mito ili jike atagemo, na kingo hizo hubomoka. Huko Florida, katika chemchemi ya Blue Spring, huwapandia migongoni manatii, ambao ni jamaa ya nguva wa pwani yetu, wakiwakwangua mwani wa ngozini na kuwanyima usingizi wa majira ya baridi. Wanyama walao samaki huwaogopa kwa sababu ya miiba na deraya.

Walioumia zaidi ni wavuvi. Katika bwawa la Infiernillo nchini Mexico, lililokuwa na uvuvi mkubwa wa tilapia, nyavu zilianza katika miaka ya 2000 kujaa kambare wa deraya badala ya samaki wa kuuza. Miiba ilichana nyavu, na samaki wenyewe hawakuwa na soko. Mavuno ya tilapia yalianguka na familia nyingi zikakosa riziki. Msomaji atakumbuka kwamba tilapia nao si wenyeji wa Mexico. Walipelekwa huko, na asili yao ni Afrika. Mgeni mmoja alimfukuza mgeni mwingine, na mvuvi aliyewategemea wote wawili hakushauriwa katika hatua yoyote.

Watu wa Ziwa Viktoria hawahitaji kuelezwa habari hizi kwa kirefu. Sangara alitiwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, na spishi nyingi za furu hazikuonekana tena. Gugumaji, mmea wa Amerika ya Kusini uliosambazwa duniani kwa ajili ya uzuri wa maua yake, lilionekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, na katika miaka ya 1990 mitumbwi ilishindwa kutoka bandarini. Ua la bustani na samaki wa sebuleni husafiri kwa njia moja.

Kwa hiyo mwenye pleko aliyemshinda ana njia tatu. Kwanza ni kumrudisha kwa muuzaji, na wauzaji waungwana hukubali. Pili ni kumpa mtu au taasisi yenye tangi kubwa, ingawa taasisi hizo nyingi zimekwisha kujaa samaki wa aina hii na hukataa. Tatu, kama hizo mbili zimeshindikana, ni kumwua kwa njia isiyo ya mateso, kwa msaada wa daktari wa mifugo. Njia hii ya tatu huwachukiza watu, nasi twaelewa. Lakini hakuna ya nne. Kumwaga mtoni, ziwani, bwawani, kwenye mtaro wa maji ya mvua unaoelekea mtoni, yote ni mamoja, na katika nchi nyingi ni kosa la jinai. Hata maji ya tangi yenye mayai au mimea hayafai kumwagwa huko. Yamwagwe juu ya ardhi kavu mbali na maji, ambako mboga za bustani zitayafurahia kwa ajili ya ile nitreti.